Je, wajua? Kinachoshika seli kwenye kioo cha hadubini si gundi

Kwa muda mrefu niliamini kwamba polilisini, kemikali ya maabara inayotumika kushikiza seli kwenye kioo cha hadubini, ni gundi. Unaambiwa umwagie kioo tone la hayo maji maangavu, usubiri, kisha uweke seli zako, nazo hazibanduki hata ukizisuuza. Kinachonatisha ni gundi, sasa hapo pa kuuliza ni wapi? Kwa hiyo siku seli zangu zilipokuwa zinaelea ovyo, nilifanya kile ambacho fundi yeyote angefanya: nikaongeza dozi mara tano, nikaiacha ikaukie kwenye kioo bila kuiosha. Kesho yake seli zilikuwa zimeshika barabara. Zilikuwa pia zimekufa.

Fikra ya gundi ilinikosesha mara tatu. Gundi ya mbao ikipakwa ya kutosha hushika zaidi, ikikauka huwa imara, na ukiiosha kabla haijakauka umeipoteza. Polilisini haifuati hata moja kati ya hayo. Tabaka linalofanya kazi lina unene wa nanomita chache tu. Linajishika kwenye kioo likiwa bado majini, wala halingoji kukauka. Na kuosha ndiko kunakookoa jaribio. Ukipitisha kidole chenye glavu juu ya kioo kilichoandaliwa vizuri, hakinati hata kidogo.

Kumbe suala lenyewe ni chaji za umeme. Uso wa kioo umejaa vikundi vya silikoni, oksijeni na hidrojeni. Ukiuweka majini, baadhi ya hidrojeni hizo huondoka zikiwa na chaji chanya, na uso unabaki na chaji hasi. Seli nayo, kwa bahati mbaya, imevaa koti la sukari ambazo nyingi zina chaji hasi vilevile. Hasi kwa hasi hufukuzana. Hapo ndipo polilisini inapoingia kama mshenga. Ni mnyororo wa asidi amino iitwayo lisini, na kila lisini ina mkono ambao, katika maji ya kawaida ya maabara, hubeba chaji chanya. Mnyororo wenye uzito wa molekuli wa takriban 128,000 una mikono kama 1,000.

Mfikirie jongoo juu ya gome la mti. Mguu mmoja wa jongoo ni dhaifu, hata upepo ungeung'oa. Lakini ili adondoke, miguu yote lazima iachie kwa wakati mmoja, na wakati huu unaachia, ule umeshashika tena. Mnyororo wa polilisini hushika kioo namna hiyohiyo. Mkono mmoja huachia na kushika kila mara, ila mikono 1,000 kuachia kwa pamoja ni jambo la nadra mno. Ndiyo maana unaweza kuosha kioo mara tatu na tabaka likabaki. Mikono ambayo haikupata nafasi chini hubaki imeelekea juu, ikiisubiri seli.

Linalonifurahisha zaidi ni kwamba kazi hii inajisimamisha yenyewe. Minyororo ya kwanza ikishafunika kioo, uso unageuka kuwa chanya, na minyororo inayofuata, ambayo nayo ni chanya, inasukumwa mbali. Dozi yangu ya mara tano basi haikuongeza tabaka la maana. Kwa kuwa sikuosha, ziada ilibaki hapohapo, na seli zilipowekwa ikayeyuka tena majini, ikazivamia seli na kuharibu utando wao. Polilisini iliyotulia kwenye kioo ni mwenyeji mzuri. Inayozurura ni sumu.

Jongoo hawezi kushika gome lililopakwa mafuta, hivyo kioo kisafishwe kwanza. Kipimo ni rahisi: dondoshea tone la maji. Likitandaa kama kitambaa chembamba, kioo ni safi. Likijikunja kama shanga, kuna mafuta, mara nyingi ya kidole cha mtu. (Wapo wanaosafisha kwa mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na haidrojeni peroksidi. Unasafisha kweli, na unaweza kulipuka.)

Sasa nijirekebishe kidogo, maana nimesema kana kwamba seli zote hukikataa kioo kitupu. Sivyo. Seli nyingi zilizowekwa kwenye maji yenye seramu hushika bila polilisini, kwa sababu protini za seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda) hukifunika kioo kwanza. Seli za neva ndizo hudeka.

Pia kushikwa si sawa na kujishikilia. Seli inayotambaa mwilini hutumia protini za utando wake ziitwazo integrini kushika nyuzi mahususi zilizo nje yake, kama za fibronektini. Polilisini haina alama ambayo integrini huitafuta; inaiburuta seli kwa chaji tu. Kama seli imekwisha kuuawa na kuimarishwa kwa kemikali ili ipigwe picha, tofauti hiyo haina uzito. Kwa seli hai mambo hubadilika: mwaka 2018 watafiti wa seli T za kinga walionya kwamba seli zilizokuwa zimetulia, zikiwekwa juu ya polilisini, huanza kuonyesha dalili za kuamshwa. Hilo halithibitishi kwamba kila aina ya seli husumbuka hivyo, ila mimi sasa kila mara huweka kioo kingine chenye fibronektini kando, nilinganishe.

Na ukiona chupa mbili za polilisini, moja imeandikwa L na nyingine D, ujue ni molekuli ileile na taswira yake ya kwenye kioo cha kujitazamia, kama kiatu cha kulia na cha kushoto. Chaji ni zilezile. Ila vimeng'enya vya seli vimezoea kukata L. D haiviingii mdomoni, kwa hiyo kwenye jaribio la wiki kadhaa seli hazili sakafu zinayoikalia.