Moto sio lazima uwe hasira: maneno ya watu juu ya tiba ya sanaa

Nasaidia grupu moja ya tiba ya sanaa hapa Kampala, watu wanachora ili kutoa yaliyo moyoni, tunakutana Jumamosi mchana, wengi ni Wakongo na wenyeji wachache, Kiswahili ndicho kinatuunganisha. Kaunsela mwenye masomo yake ndiye anaongoza, mimi kazi yangu ni kupanga viti, kuosha brashi na kutafsiri Luganda kikikwama. Siku hizi tunatumia udongo, maji, hewa na moto kusemea yale mdomo umeshindwa, na huko nje maneno ni mengi, ebu niyajibu.

La kwanza, ati huo ni uchawi. Jamani. Hizo nne zilipangwa na Mgiriki anaitwa Empedocles, mtu wa Sisilia, karne ya 5 kabla ya Kristo, alikuwa anatafuta tu vitu vyote vimeundwa na nini, akaziita mizizi. Sayansi iliachana na hayo zamani sana. Wachina wao wana tano, kuna mti na chuma lakini hewa haimo kabisa, Wahindi nao wakaongeza anga, sasa kama hata hesabu hawakubaliani hiyo siri ya kishetani iko wapi? Sisi tunazitumia kwa sababu kila mtu anazijua bila kusoma, nani hapa hajawasha sigiri au kubeba jerikeni? Hakuna anayeomba moto wala kutambikia maji.

La pili ndilo linaniudhi, ati kila kimoja kina maana yake. Utakuta karatasi zinazungushwa kwa simu: moto ni hasira, maji ni hisia, udongo ni utulivu, hewa ni mawazo, yaani kama bei za sokoni. Sasa mwambie mtu wa Bududa, kule milimani mashariki ya Uganda, kwamba udongo ni utulivu. Machi 2010 mlima uliporomoka ukafunika kijiji cha Nametsi, mamia ya watu wakabaki humo. Huyo ukimpa donge la udongo ati ashike atulie, ujue unacheza na nini.

Kuna siku tuliambiwa kila mtu achore moto wake. Krayoni nyekundu na za machungwa zikagombaniwa, ila mama mmoja wa Goma akachukua kaa la mkaa akapaka karatasi yote nyeusi, akisugua mpaka vidole vikawa kama vya fundi wa magari. Kijana wa pembeni akacheka, mama, hiyo ni usiku. Akamjibu bila kuinua kichwa, moto wenu ni mwekundu kwa sababu mnauonea kwa sigiri, wa kwetu ukipoa unakuwa mawe, na hayo mawe ndio tunajengea nyumba. Ni kweli, Nyiragongo, volkano ya pale Goma, ilimwaga moto mpaka katikati ya mji 2002, ikalipuka tena Mei 2021, na watu wakajenga tena juu ya hayo hayo mawe meusi. Kaunsela hakusema hiyo ni hasira wala ni huzuni, alimuuliza tu, na wewe hapa umesimama wapi? Mama akaweka kidole juu kabisa ya ule weusi. Kwa karatasi za kwenye simu jibu kama hilo halimo.

Sisi wenyewe pia tumewahi kuteleza. Kuna mtu alileta olubugo, kile kitambaa cha gome la mutuba, tutandike mezani kiwe alama ya ardhi, kizuri kweli, rangi ya udongo. Jaja mmoja, yaani mzee, Muganda akakataa kukaa, akasema hicho tunazikia watu. Kikaondolewa pale pale.

Na hata Kiswahili chenyewe kinajua haya mambo hayana maana moja, maji hayo hayo ukiyatuliza mtungini ni amani, yakifika shingoni ni balaa, yakizidi unga basi tena. Moto nao, mtu akiitwa moto wa kuotea mbali, hapo anasifiwa au anaogopwa?

Ati lazima ujue kuchora. Hapana. Kwa hewa tunadondosha rangi ya maji maji kwenye karatasi halafu tunaipuliza na mrija, inaenda inakotaka, hapo fundi na asiye fundi wote ni sawa.

Ati ni mambo ya watoto. Jina lenyewe la tiba ya sanaa lilitolewa 1942 na Adrian Hill, mchoraji Mwingereza, mtu mzima aliyewahi kulazwa sanatoriamu, hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, alianza kwa kuchora mwenyewe kitandani. Na ukichora sio kwamba unaacha dawa, kama umeandikiwa kule Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, meza dawa zako kisha njoo na brashi.

Ati kaunsela anasoma siri zako kwa mchoro. Hana hiyo nguvu, usipoeleza mwenyewe yeye anaona rangi tu, na unaruhusiwa kukunja karatasi usioneshe mtu.

Mwisho, ati ukichoma mchoro uchungu unaisha. Hii watu wanaipenda sana, na mwanzoni hata mimi niliona ina maana, moto unasafisha si ndio? Lakini kwa grupu yenye watu waliochomewa nyumba, harufu ya moshi peke yake inatosha kumrudisha mtu usiku ule, na yeye hakuuliza kurudishwa. Kwetu hakuna kuchoma. Anayetaka kuachana na karatasi yake anailoweka kwa ndoo, inalainika inakuwa uji. Juzi kijana mmoja aliloweka yake, akaiangalia kidogo, akabadilisha mawazo, akaitoa ikitiririka maji, akaitia kwa kaveera, mfuko wa plastiki, akapanda nayo boda kwenda nyumbani.