Mhandisi wa upepo na mitikisiko ya minara

Mhandisi wa upepo, yaani anayekokotoa jinsi upepo unavyosukuma na kutikisa majengo, hahofii dhoruba peke yake. Upepo wa kila wiki nao humnyima usingizi.

Chukua bomba la moshi la chuma. Upepo ukilipita, nyuma yake huzuka vimbunga vidogo vinavyobanduka kwa zamu, kushoto kisha kulia, na kila kimoja hulivuta bomba upande wake. Zamu hizo zikilingana na mtikisiko wa asili wa bomba, huyumba kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hesabu ya kasi ya upepo yenye hatari ni fupi: zidisha idadi ya mitikisiko kwa sekunde na kipenyo cha mita, kisha gawanya kwa 0.2, namba inayotumika kwa maumbo ya mviringo. Bomba la kipenyo cha mita 3 linalotikisika mara 0.6 kwa sekunde hufikia hatari kwenye mita 9 kwa sekunde, yaani kama kilomita 32 kwa saa. Huo ni upepo wa kuyumbisha miti midogo tu! Bomba halianguki siku hiyo. Chuma huchoka polepole, nyufa zikaanzia kwenye maungio yaliyochomelewa. Dawa iliyozoeleka ni kuzungushia theluthi ya juu mapezi ya bati, kama nyuzi za skrubu, ili vimbunga visibanduke kwa mpigo mmoja. Ila mapezi huongeza msukumo wa upepo, kwa hiyo bolti na msingi vikokotolewe upya. Hapo ndipo wengi huteleza.

Anayetaka kazi hii huanza na uhandisi wa ujenzi, kisha huongeza elimu ya mwendo wa hewa na takwimu. Sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kwenye handaki la upepo, yaani njia iliyofungwa ambamo feni huvumisha hewa kwenye kielelezo kidogo cha jengo. Kwa kipimo cha 1:400, ghorofa la mita 200 huwa kielelezo cha sentimita 50, chenye mamia ya vitundu vya kupima shinikizo. Huwekwa juu ya meza inayozunguka, ikageuzwa nyuzi 10 kila mara hadi pande 36 zitimie.

Vielelezo vya majengo jirani navyo lazima viwemo, kwa kuwa huvuruga upepo. Tarehe 1 Novemba 1965, kwenye kituo cha umeme cha Ferrybridge, Uingereza, minara 3 kati ya 8 ya kupozea maji iliporomoka. Iliyoanguka ilikuwa nyuma, ikipigwa na hewa iliyovurugwa na minara ya mbele, ilhali wasanifu walikokotoa kwa kasi ya wastani, bila kuhesabu ipasavyo mikupuo ya ghafla.