Asubuhi ya mtu aliyechoshwa na kazi: punguza, usiongeze

Kosa ninaloliona zaidi kwa watu wanaopona uchovu wa kazi ni kuipanga asubuhi kama ratiba ya ofisini: kuamka saa kumi, mazoezi, kitabu, shajara, maji ya ndimu. Siku ya nne imeshawashinda, na wamepata jambo jingine la kujilaumu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa na masuala ya afya (ICD-11), linaueleza uchovu huu kwa sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kujiona hafanyi lolote la maana. Ratiba ndefu huichokoza hiyo ya tatu.

Chagua saa ya kuamka usiyoibadilisha, hata Jumapili. Ukilala vibaya, amka saa ile ile, kisha jilaze dakika 20 mchana kabla ya saa tisa. Ukilala hadi saa nne siku za mapumziko, usingizi wa Jumapili usiku utachelewa, na Jumatatu ndiyo unayoiogopa.

Simu ilale sebuleni. Kando ya kitanda weka saa ya kengele. Homoni ya kotisoli, ile inayouweka mwili macho na katika tahadhari, hupanda yenyewe katika dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka. Mwili umeshajiwasha, na ujumbe wa bosi uliotumwa kwenye grupu saa tano usiku unakuta moto umekolea. Wanaoswali alfajiri wajihadhari hasa wanaporudi kitandani na simu "kuangalia saa tu".

Kunywa glasi ya maji, utoke nje. Kiti cha plastiki barazani kinatosha, dakika 10 hadi 15. Hata kukiwa na mawingu, mwanga wa nje unaizidi taa ya sebuleni mara nyingi, na ndio unaoupangia ubongo saa ya kusinzia usiku. Dirishani nyuma ya pazia hupati mwanga wa kutosha. Kufagia uwanja polepole kunahesabika. Kufagia huku ukipanga majibu ya kikao, hapana.

Chai ya rangi yenye sukari nyingi na maandazi matupu itakuacha na njaa na hasira kufikia saa nne. Ongeza yai, au maharage ya jana yaliyopashwa. Kahawa kikombe kimoja, baada ya kula, na isivuke saa sita mchana: masaa matano baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini.

Anayegombania daladala saa kumi na moja alfajiri hayawezi yote haya. Abaki na saa ya kuamka na simu iliyonyamaza. Mwanga ataupata akishuka kituo kimoja kabla na kutembea.

Ukipita wiki mbili huna hamu ya chochote, au unaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi, nenda kwa daktari, uulize pia vipimo vya wingi wa damu na tezi ya koo (thairoidi). Mawazo ya kufa hayasubiri wiki mbili. Mwambie mtu akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.