Wikendi ya gofu hotelini: maneno ya watu na hali ilivyo uwanjani

Nilipowaambia wenzangu kazini Kampala kwamba wikendi nakwenda kucheza gofu kando ya ziwa, swali la kwanza lilikuwa nani ananilipia. La pili, kama mume wangu ana habari. Nimekulia Tororo, mashariki mwa Uganda, mji wenye uwanja wake wa gofu, na hata mimi nilikua nikiamini kwamba mchezo ule una wenyewe. Tulikwenda wanne: mimi, shoga yangu tuliyesoma naye, kaka yake, na shemeji yao wa Mombasa. Wawili kati yetu hawakuwahi kushika fimbo. Naandika kwa ajili ya wanaotamani kwenda na wanazuiwa na maneno ya watu, na pia kwa wanaokwenda na imani zitakazowaharibia siku mbili walizozilipia.

"Gofu ni ya wanaume, tena wakubwa"

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, eti jina la mchezo huu ni herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya "mabwana tu, mabibi marufuku". Si kweli. Neno hilo limo katika sheria ya bunge la Uskoti ya mwaka 1457, enzi za Mfalme James wa Pili, iliyopiga marufuku gofu na kandanda kwa kuwa vijana waliyaacha mazoezi ya upinde na mishale. Ila ubaguzi wenyewe ulikuwepo, na haufai kufichwa: klabu maarufu ya St Andrews, huko huko Uskoti, ilipiga kura ya kuwakubali wanawake kuwa wanachama mwaka 2014 tu.

Hapa kwetu mchezo uliletwa na wakoloni, na Entebbe, iliyokuwa makao ya serikali yao, ndiko ulikoota mizizi mapema. Lakini leo wanawake wana mashindano yao ya wazi ya taifa, na wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mabegi ya wengine. Tena viwanja haviko Kampala na Entebbe peke yake. Viko Jinja, Mbarara, Kabale, Fort Portal, na Lugazi kwenye mashamba ya miwa.

"Bila ujuzi utawachosha wenzako"

Hili ndilo lililomtisha shoga yangu hadi akataka kubaki kwenye bwawa la kuogelea. Ukweli ni kwamba gofu ni kati ya michezo michache inayomruhusu mgeni kushindana na mzoefu kwa haki. Kazi hiyo hufanywa na hendikapu, yaani mikwaju unayopunguziwa kulingana na kiwango chako. Tangu mfumo wa dunia ulipounganishwa mwaka 2020, hendikapu inaweza kufika 54, kwa mwanamume na kwa mwanamke.

Kwa marafiki waliochanganyika, nashauri mcheze kwa pointi, kwa utaratibu wa Stableford, daktari Mwingereza aliyeubuni. Chukua mwenye hendikapu 36. Uwanja kamili una mashimo 18, kwa hiyo anapunguziwa mikwaju miwili kila shimo. Kwenye shimo lililopangiwa mikwaju minne akipiga sita, anahesabiwa amepiga minne, anapata pointi mbili, sawasawa na bingwa asiyepunguziwa kitu aliyepiga minne kweli. Akipiga saba anapata moja. Akipiga nane hapati kitu, kwa hiyo anauokota mpira wake na kusonga mbele, na huo ndio uzuri wenyewe: shimo baya linakufa hapo hapo, halikuburuzi mpaka jioni. Tukicheza hivyo, shoga yangu alimshinda kaka yake kwa pointi tatu.

Fimbo huna? Viwanja vingi vya hoteli hukodisha. Uliza mapema kama wana za mkono wa kushoto na za wanawake, maana hizo huwa chache. Viatu vya meno ya chuma havihitajiki tena. Vya raba vinatosha. Shati liwe na kola, jinzi uiache nyumbani.

"Ukishalipia chumba, uwanja ni wako"

Hapa niliumia. Hoteli tuliyokwenda, nisiyoitaja, ilinijibu kwenye simu kwamba gofu ipo. Ilikuwepo kweli. Tulifika Jumamosi asubuhi tukakuta mashindano ya kampuni fulani yameushika uwanja mzima hadi saa tisa na nusu alasiri. Chumba na saa ya kuanza kucheza ni mambo mawili tofauti, na mara nyingi yanashughulikiwa na ofisi mbili tofauti. Piga simu uwanjani wenyewe, uandikishwe majina manne na saa, kisha uombe wakutumie ujumbe wa kuthibitisha. Na usidanganywe na jina. Kule Kampala kuna hoteli inayoitwa kwa jina la uwanja wa gofu na imepakana nao kabisa, lakini uwanja wenyewe, ule wa bonde la Kitante kati ya Kololo na Nakasero, ni wa klabu. Kigo ni tofauti: pale hoteli ya Serena ina mashimo yake 18 pembeni ya Ziwa Victoria.

Tukaanza saa kumi, tukiambiana jioni ni ndefu. Jioni ya ikweta si ndefu. Mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, na giza halichelewi. Watu wanne wakicheza mashimo 18 hutumia saa nne au zaidi. Wakiwemo wanaojifunza, hata tisa yanaweza kula saa tatu. Shimo la saba tulilimaliza kwa tochi za simu. Kilichotula muda ni kutafuta mipira, kwa sababu shemeji aliamini mpira hutafutwa hadi uonekane. Tangu mwaka 2019 sheria inatoa dakika tatu; zamani zilikuwa tano. Zikipita, mpira umepotea hata ukiuona dakika ya nne. Ukihisi umeingia vichakani, sema wazi kwamba unapiga mpira wa akiba, kisha uupige palepale kabla ya kwenda kutafuta. Utajiokoa safari ya kurudi nyuma.

"Kedi ni wa kubeba begi"

Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu linawadhulumu watu. Jumapili saa moja asubuhi tulipewa makedi wanne, yaani wasaidizi wa wachezaji uwanjani, na wangu alikuwa kijana wa kwetu mashariki mwenye Kiswahili kizuri. Kwenye grini ya shimo la tatu, yaani zile nyasi fupi zinazolizunguka shimo, nilikuwa hatua nane kutoka shimoni. Kaka akanambia nielekeze upande wa kilimani, kwa sababu "kila mpira huvutwa na ziwa". Kedi akanyamaza. Akazunguka upande wa pili, akachuchumaa, akanionyesha kwa kidole ukingo wa shimo bila kuzigusa nyasi, maana kuzisugua ili kuzipima ni kosa kisheria. Upande mmoja ukingo ulikuwa mkali na wa kijani. Upande wa pili nyasi zilikuwa zimechanika, rangi ya kahawia.

"Dada, nyasi zinalalia huku kwenye kahawia. Ziwa liko kule, lakini hapa walijaza udongo walipojenga. Mpira utarudi kilimani."

Ulirudi kilimani kweli. Maji hayana nguvu ya kuvuta mpira. Imani ile ilizaliwa kwa sababu ardhi ya ufukweni kwa kawaida huteremka kuelekea ziwani, lakini aliyejenga grini anaweza kuigeuza atakavyo, na anayejua aliigeuzaje ni yule anayeikanyaga kila siku. Niongeze kwamba kwenye mashindano ushauri ule ungemgharimu kaka adhabu ya mikwaju miwili. Sheria inakuruhusu kushauriana na kedi wako, na mwenzako mnayecheza naye upande mmoja pamoja na kedi wake, basi.

Malipo ya kedi kwa kawaida hayamo kwenye ada ya uwanja. Muulize msimamizi wa makedi kiwango kabla hamjaanza, mpe kedi mkononi mkimaliza, na kama amekufanyia kazi nzuri, ongeza. Wengi wao hawana mshahara mwingine, na siku ya mvua isiyo na wachezaji hawapati hata shilingi. Niliona wageni wakibishana na kedi kuhusu pesa iliyo ndogo kuliko bei ya sahani ya sato waliyokula mchana ule. Iliniuma.

"Hadithi ya viboko ni ya kuwavutia watalii"

Uwanja wa Jinja uko karibu na Mto Nile unapotoka ziwani, na kanuni yake ya nyumbani inajulikana duniani: mpira ukitua ndani ya unyayo wa kiboko, unautoa bila adhabu. Wengi hudhani ni utani. Kumbe ina sababu ya kisheria. Sheria za kawaida hukupa nafuu kwa shimo lililochimbwa na mnyama, lakini unyayo haukuchimbwa, umekanyagwa tu. Bila kanuni ya pale, ungelazimika kuupiga mpira ukiwa ndani ya shimo lenye kina cha sufuria, au kukubali adhabu. Na mnyama mwenyewe akiwepo, nyoka au mamba au kiboko, sheria ya dunia nzima inakuruhusu kuuchukua mpira mahali salama bila adhabu. Mpira uliotumbukia ufukweni uache. Hakuna mpira wenye thamani ya mguu.

"Mvua bado, tumalizie mashimo mawili"

Eneo la Ziwa Victoria, Kampala na Entebbe zikiwemo, ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mchana upepo wa ziwani huyasukuma mawingu kuelekea nchi kavu, na ngurumo hutangulia mvua. Radi inaweza kupiga kilomita kadhaa mbele ya mvua yenyewe, chini ya anga inayoonekana safi. Kuna wanaodhani fimbo ya chuma ndiyo inayoiita radi, hivyo wanaitupa fimbo na kukimbilia mtini. Radi hutafuta kilicho kirefu na kilichosimama peke yake. Katikati ya uwanja, hicho ni wewe, na ufukweni ni ule mti uliojificha chini yake. Kigari cha gofu kisicho na kuta nacho hakikingi. Jengo au gari lililofungwa ndivyo vinavyokinga.

Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita kumi, ondoka. Usirudi kabla ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho. King'ora kimoja kirefu maana yake ni kuacha mchezo papo hapo, hata kama ulikuwa umeshainua fimbo.

Jumapili hiyo kililia tukiwa shimo la 14, jua bado linawaka. Shemeji alitaka kupiga. Kedi wangu akamshika begi, akamwambia kwa heshima, "Mzee, hapana, twende." Nikauwekea mpira wangu alama, tukaenda haraka hadi kwenye banda la matofali la watunza uwanja, tukakaa juu ya magunia ya mbolea. Dakika nne baadaye mngurumo ulitikisa mabati. Tulikaa pale zaidi ya saa moja, makedi wakitufundisha kuhesabu pointi bila karatasi, mpaka ving'ora viwili vifupi vilipolia. Tulikuta nyasi zimelala kwa maji, alama yangu ipo ilipokuwa. Nikaurudisha mpira palepale, nikapiga.