Makanisa ya Watu Weusi vijijini Marekani na afya ya ateri (mishipa itoayo damu moyoni): maswali na majibu

Kwa nini elimu ya afya ipitie kanisa, si zahanati?

Vijijini kusini mwa Marekani hospitali huwa mbali, kanisa lipo jirani. Halafu kuna kidonda cha zamani. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya serikali iliwachunguza mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Familia hazijasahau. Mtafiti asiyepitia kwa mchungaji na akina mama wa kanisa asishangae akikuta milango imefungwa.

Ushirikiano wa watafiti na makanisa umewahi kuzaa matunda?

Ndiyo. Miaka ya 1990, mashariki mwa North Carolina, makanisa 50 ya vijijini yalishiriki mradi wa lishe. Wachungaji waliutetea, na matunda yakaandaliwa kwenye shughuli za kanisa. Baada ya miaka miwili, waumini wa makanisa yaliyotangulia kuanza walikula matunda na mboga kuwazidi wenzao, kwa karibu kipimo kimoja cha matunda au mboga kwa siku.

Mboga zinasaidiaje ateri?

Ukuta wa ndani wa ateri hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, inayoulegeza mshipa damu ipite bila kusukumwa sana. Ugunduzi huo ulipewa Tuzo ya Nobel 1998. Presha, kisukari na sigara huuharibu ukuta huo. Lehemu (kolesteroli) ikapenya na kujijenga humo. Bitiruti, mchicha na mboga nyingine za majani zina naitreti. Bakteria wa ulimini huibadilisha kuwa naitraiti, na mwili hutengeneza gesi hiyo kutokana nayo.

Shida iko jikoni. Kolardi, mboga ipendwayo kusini na ndugu wa karibu wa sukuma wiki, huchemshwa muda mrefu pamoja na nyama ya nguruwe ya chumvi na moshi. Naitreti nyingi huishia mchuzini, na chumvi imejaa humo humo. Kwa maoni yangu, mpishi wa kanisa anaweza kuokoa mishipa mingi kuliko mahubiri: apunguze muda wa moto, aweke kitunguu saumu, pilipili na siki badala ya chumvi.

Basi ninywe vidonge vya mimea, niache dawa?

Usiache. Ni kweli statini, dawa za kushusha lehemu, asili yake ni kuvu. Akira Endo wa Japani ndiye aliyegundua ya kwanza miaka ya 1970. Lakini zilipimwa dozi na kujaribiwa kwa watu kwa miaka. Utafiti mkubwa wa vidonge vya kakao, uliotolewa 2022 na kuhusisha watu zaidi ya 21,000, haukuthibitisha kwamba vinapunguza jumla ya matukio ya moyo na kiharusi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani, maana vitamini K iliyomo humo huivuruga dawa hiyo.

Tukianza kupima presha kanisani?

Mtu akae kimya dakika tano, ameegemea, mkono usawa wa moyo. Asipimwe akitoka tu kucheza kwaya. Ikifika 180/120 na ana maumivu ya kifua, amelegea upande mmoja au ulimi umekuwa mzito, apelekwe hospitali papo hapo, ibada iwe imeisha au la.