Rada haikuahidi mvua mlangoni kwako

Ramani ya rada kwenye simu inaonyesha rangi ya kijani juu ya mtaa wako. Unachungulia dirishani: nje kukavu. Wengi hapo husema rada imedanganya. Hapana. Rada hutuma mawimbi angani na kupokea mwangwi kutoka kwenye matone, na kwa kuwa dunia ni mviringo, mwale wake huzidi kupaa kadiri unavyokwenda mbali. Ukiinuliwa nusu digrii tu, unapofika kilomita 200 huwa unapita kama kilomita 4 juu ya vichwa vya watu. Matone yaliyoonekana huko yanaweza kuishia hewani kabla ya kugusa paa lolote.

Na nyekundu, rangi ya mwangwi mkali, je? Hapa ndipo panaponoga: mwangwi mkali si lazima uwe maji mengi. Tone la milimita 4 hurudisha mwangwi sawa na matone 64 ya milimita 2, ilhali maji yake yanatosha matone 8 tu. Mvua ya mawe huichanganya rada zaidi.

Halafu, picha unayoitazama ni ya dakika chache zilizopita. Wingu la radi halihitaji muda mrefu kuhama mtaa.