Msumeno wa zamani ukizima katikati ya gogo, anzia kwenye tangi

Mzee mmoja mpasua mbao aliniletea msumeno wa injini, Stihl 070, lile dude la cc 106 (ukubwa wa injini) ambalo wapasuaji wa huku Mafinga wanalijua kwa mlio tu. "Fundi, kabureta imekufa, nitafutie nyingine."

"Inasumbuaje, mzee?"

"Inawaka vizuri. Ikikata dakika kumi inalegea, inazima. Nikipumzika kidogo, inakubali tena."

Maelezo hayo yalinitosha kuiacha kabureta kwanza. Niliiwasha nje, mbali na moto, nikaikatisha gogo mpaka ikazima. Nikalegeza kifuniko cha tangi taratibu: fyuu, hewa ikaingia. Nikafunga, nikavuta kamba, ikawaka. Tundu la kupumulia la tangi lilikuwa limeziba kwa unga wa mbao uliogandana na oili. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, tangi linayang'ang'ania mafuta na pampu ya kabureta inashindwa kuyavuta. Ukikaa, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, ndiyo maana inawaka tena.

Kama kulegeza kifuniko hakusaidii, ninafungua plagi baada ya kuvuta kamba mara kadhaa. Ikitoka kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika. Hapo kagua kama plagi inatoa cheche, au kama mafuta yanazidi.

Plagi ikiwa kavu, ninaingiza waya wenye ndoano tangini na kuvuta chujio. Likiwa jeusi na gumu, libadilishe, ni kitu cha bei ndogo. Kisha mpira wa mafuta, na hapa mafundi wengi wanadanganyika kwa sababu wanautazama tu. Ukunje kwa vidole, hasa pale unapopita kwenye ukuta wa tangi. Mpira wa miaka mingi unapasuka nyufa nyembamba kama za kisigino, zisizoonekana mpaka ukunjwe. Mashine yenye ufa huo inavuta hewa pamoja na petroli: sailensa (mwendo wa injini ukiwa hujavuta mafuta) inapanda yenyewe, na ukiulaza msumeno upande inabadili mlio. Usiendelee kuupasulia mbao. Oili inaingia pamoja na petroli, kwa hiyo mafuta yakipungua pistoni inakwaruzika.

Ndani ya kabureta kuna diaframu mbili, yaani ngozi nyembamba zinazocheza. Ya pampu inachezeshwa na msukumo unaotoka kwenye kranki. Gasketi yake ikivuja, pampu haifanyi kazi hata kama kila kitu ni kipya. Ya pili inafungua sindano ya mafuta. Ukiitikisa ikalia kama karatasi kavu, imekwisha. Inatakiwa iwe laini. Nunua seti nzima, maana zinazeeka pamoja.

Skrubu za kurekebisha mafuta, H (mwendo wa kasi) na L (mwendo wa chini), ninazigusa mwisho. Kwa nyingi pa kuanzia ni takriban mzunguko mmoja kutoka zilipogota, lakini angalia kitabu cha mashine yako, na usizikaze kwa nguvu, zinaharibu sehemu zinapokaa.

Mzee alikuwa ameifungua H karibu mizunguko miwili akitafuta mafuta. Niliirudisha, nikafungua egzozi nikamulika pistoni kwa tochi: safi, haina mkwaruzo. Tundu nikalizibua na kulipuliza. Alikata gogo la msindano tangi zima bila kuzima, na kabureta ni ileile aliyokuja nayo.